Saladi ya majani inageuka chungu kabla sijaichuma

Mama Tuta, Mbagala:
Wanajamvi, naomba msaada wa wenye uzoefu. Nyuma ya nyumba nina tuta moja la saladi, ile isiyofunga kichwa. Januari nilisia mbegu mara mbili, nikazifukia vizuri na kuzimwagilia asubuhi na jioni, lakini iliota miche tisa tu. Hiyo nayo, kabla sijachuma mara ya pili, imerefuka katikati. Ukivunja jani unatoka utomvu mweupe, na uchungu wake umewafanya watoto waikatae kabisa. Je, tatizo ni mbegu au ni udongo wetu wa kichanga?

Mzee wa Kitalu:
Dada, tazama kwanza joto. Udongo ukipita nyuzi joto 27 hivi, mbegu za aina nyingi za saladi hulala hata ukizimwagilia kutwa. Tena nyingi huhitaji mwanga ili ziote, kwa hiyo ulipozifukia uliziongezea shida. Mimi huziweka kwenye kitambaa kibichi ndani ya friji kwa siku moja au mbili, kisha huzisia jioni juu ya kitalu kilichokwisha kulowa, na kuzinyunyizia mchanga laini kiasi cha kuzistiri tu. Miche iliyorefuka inajiandaa kutoa maua, na ikifika hapo uchungu hauondoki. Ing'oe.

Shamba Dogo, Lushoto:
Huku kwetu baridi inatubeba, lakini nilipokuwa Dar es Salaam nililazimika kusimamisha kichanja cha makuti upande wa magharibi wa tuta ili jua la saa nane lisiipige miche. Mchanga si kikwazo ukiuchanganya na samadi iliyooza vizuri, kwa kuwa mizizi ya saladi haiendi chini sana na hukauka upesi. Acha sentimita 20 kati ya mche na mche, nawe uchume majani ya nje asubuhi na mapema yakiwa na urefu wa kiganja, bila kugusa kiini cha katikati. Msimu wako mzuri ni Juni hadi Agosti.

Mama Tuta, Mbagala:
Asanteni sana, kaka zangu. Miche yote nimeing'oa jioni hii. Makuti ninayo, yalibaki tulipoezeka banda la kuku, na robo ya pakiti ya mbegu nimeshaiweka kwenye friji. Nitasia keshokutwa jua likizama, nione kama zitaota chini ya kivuli bila kungoja Juni.