Munganga bila matrikule: nibaki ao niende?

Ndugu zangu, naomba ushauri. Ni mwaka wa 4 niko munganga (daktari) wa kituo cha afya hapa Katuba, Lubumbashi. Matrikule, ile namba ya mtumishi wa Serikali, bado sijapata, kwa hiyo mshahara hakuna, posho ya hatari hakuna. Ninaishi na pesa wagonjwa wanazolipa, na tunazigawanya na wauguzi, watu wa maabara, hata mlinzi. Wakati wa mvua, malaria ikizidi, napata angalau kidogo. Kiangazi ninakopa unga dukani. Mama mmoja alinilipa kuku (tulimla, sikatai!). Bibi yangu (mke wangu) anasema nitafute kazi kwenye kampuni ya migodi. Lakini watoto wa hapa Katuba, ni mimi niliyezalisha mama zao. Madaktari wenzangu mliopita hali hii, mlitoka ao mlingojea matrikule? Na mwenye kufungua kabine (kliniki) yake binafsi, bei aliipanga namna gani bila kufukuza maskini?