Ushauri: Tumetua kwa kishindo na helikopta ya mafunzo, mwalimu anasema nisiandike popote

Mwanafunzi_Saa31 (mwanzisha uzi):
Ndugu wanajamvi, nawasalimu. Ninajifunza urubani wa helikopta na nimefikisha saa 31 angani. Juzi asubuhi tulikuwa katika zoezi la kushuka bila nguvu ya injini, lile ambalo mwalimu hupunguza throtoli (kidhibiti cha nguvu ya injini) na rota kuu, yaani mapanga ya juu, ikaendelea kuzungushwa na hewa inayopanda kutoka chini. Nilichelewa kuinua pua, mwalimu naye akachelewa kurudisha nguvu, king'ora kinachoonya kwamba rota inazunguka polepole mno kikalia, na tukadondoka kutoka urefu ninaoukisia kuwa futi 6, kwa kishindo kilichonigonganisha meno. Haikupinduka. Mwalimu aliizunguka mara moja, akasema tumetua kwa uzito kidogo tu, kisha akaniomba nisiandike kitu kwenye daftari la ufundi kwa sababu mwanafunzi mwingine alikuwa anasubiri zamu yake.

Kinachonikosesha usingizi ni kwamba mlango wa upande wangu sasa haufungi mpaka niunyanyue kidogo, na ile antena ya chini ya tumbo, ambayo kila ninapokagua ndege hupitisha ngumi kati yake na ardhi, juzi ilipitisha vidole vinne vilivyolala. Kiuno nacho kinaniuma nikikaa. Je, niandike au ninyamaze? Mwalimu wangu ni mtu mwema na sipendi kumponza.

Fundi_wa_Zamu:
Mkuu, ngumi yako imepima vizuri kuliko macho ya mwalimu. Tumbo likisogea karibu na ardhi, maana yake ni kwamba mabomba yanayounganisha skidi mbili (vyuma virefu ambavyo helikopta hutua juu yake) yamepinda na skidi zimetanuka, na mlango unaogoma unaashiria kwamba huenda fremu ya kabini imejikunja. Baada ya kutua kwa kishindo, ndege hairuki tena mpaka fundi mwenye leseni afuate ukaguzi maalumu ulioandikwa kwenye kitabu cha matengenezo: skidi, fremu, mhimili wa rota, mapanga, gia, na hasa mkia, kwa kuwa panga la rota kuu huweza kupinda kwenda chini kwa kishindo na kuugusa. Ufa katika vyuma hivi hauonekani kwa kuizunguka ndege mara moja. Piga simu sasa hivi ndege isimamishwe, maelezo marefu yatafuata.

Rubani_Mtaratibu:
Tusikuze mambo. Sisi tulijifunza kwa kutua hivyo hivyo na tupo.

Mkufunzi_wa_Zamani:
Ndugu Mtaratibu, mwanafunzi anayesubiri zamu hajui kilichotokea, kwa hiyo hoja yako haimsaidii.

Kwa mwanzisha uzi: usijilaumu kupita kiasi, maana zoezi hili halisamehe katika helikopta ndogo. Rota nyepesi huhifadhi nguvu kidogo sana, na ukiinua kolektivu (wenzo unaoongeza mbetuko wa mapanga yote ya rota kuu) mapema kwa futi chache tu, mizunguko huisha kabla skidi hazijagusa ardhi. Chukua mfano wa R22, helikopta ndogo ya viti viwili ambayo wengi tumejifunzia: hushuka ikiwa na mwendo wa mbele wa noti 65 hivi (kama kilomita 120 kwa saa), pua huanza kuinuliwa kwenye futi 40, na king'ora hulia mizunguko ya rota ikishuka hadi asilimia 97 kwenye kipimo chake. Kati ya futi hizo 40 na ardhi hakuna nafasi ya watu wawili kuchelewa. Marekani iliweka kanuni ya mafunzo ya pekee kwa marubani wa R22 na ndugu yake mkubwa R44 mwaka 1995, na mizunguko hafifu ya rota ni miongoni mwa mambo yanayofundishwa humo. Kushika usukani kwa wakati ni wajibu wa mwalimu, wala si wako.

Daktari_Msafiri:
Ninauliza jambo moja: chini ya kiti chako kulikuwa na nini?

Mwanafunzi_Saa31:
Chupa ya maji ya chuma, daktari. Kwa nini?

Daktari_Msafiri:
Katika baadhi ya helikopta hizi, kiti kimeundwa kibonyee ili kimeze kishindo, na kitu kigumu kikiwa chini yake kishindo hicho huishia kwenye pingili za uti wa mgongo. Kapigwe picha ya eksirei leo, hata kama unatembea vizuri, kwa sababu pingili iliyobonyea huweza kuuma kama msuli uliovutika tu. Picha hiyo ina uzito mwingine pia: kwa mujibu wa Kiambatisho cha 13 cha Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, kuvunjika mfupa, isipokuwa mivunjiko midogo ya vidole au pua, ni jeraha kubwa, na jeraha kubwa hulifanya tukio liwe ajali inayopaswa kuarifiwa. Kiambatisho hicho hicho kinasema uchunguzi ni wa kuzuia ajali nyingine, si wa kutafuta wa kulaumiwa. Kwa hiyo kuandika hakumponzi mwalimu wako kama unavyodhani.

Mwanafunzi_Saa31:
Nashukuru, wakubwa zangu. Nilimpigia mkuu wa mafunzo na ndege imefungiwa ndani. Fundi amepima skidi, ya kushoto imetanuka kupita kiwango. Nimeandika maelezo yangu ukurasa mmoja na nusu, pamoja na ile chupa. Mwalimu aliyasoma kimya, akasahihisha futi 6 zikawa 8, akatia saini chini yangu. Niko kwenye foleni ya picha.