Naomba ushauri: nimekuta kitabu cha maktaba ya Mwadui kwenye sanduku la marehemu baba

Ndugu zangu, habari zenu. Nimekulia Mwadui, Shinyanga, kwenye mji wa mgodi wa almasi ulioanzishwa na John Williamson mwaka 1940. Baba alikuwa fundi mitambo pale. Jumamosi alitupeleka sinema, mimi na dada, tumepakwa mafuta mpaka magoti yanang'aa. Nikisinzia kabla picha haijaisha, nilirudi nyumbani mgongoni kwake. Siku nyingine ni maktaba: vitabu viwili kwa wiki, na ole wako ukunje ukurasa!

Alipostaafu tulirudi kwao, Mtwara. Juzi, nikipanga vitu vyake, nimekuta kitabu ambacho hatukukirudisha. Muhuri bado upo, na saini ya baba kwenye karatasi ya tarehe. Lakini kimeota ukungu, maana hapa Shangani unyevu wa bahari hauachi karatasi salama.

Niuondoeje ukungu bila kuharibu ile saini? Nimeambiwa nikianike juani, naogopa wino utapauka. Halafu, nikirudishe Mwadui, au nikipeleke maktaba ya mkoa hapa? Mama anataka kibaki nyumbani, nami roho yangu iko huko huko.