Tupeane uzoefu: dawa za usafi na kifua

#1, mleta mada, Nyakato
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu anafanya usafi kwenye lodge moja hapa mjini. Tangu aanze, kikohozi hakimwachi, ila akiwa likizo anapumua vizuri kabisa. Daktari anahisi ni pumu ya kazini. Wenye uzoefu na jiki, dawa za choo na za kupuliza, tuambieni yaliyowakuta.

#2, Igoma
Nilikuwa mhudumu wa gesti. Msimamizi alitaka vyoo ving'ae, akaagiza tuchanganye jiki na ile dawa ya choo yenye asidi. Dada mmoja akamimina zote bafuni, na dirisha lenyewe halizidi ukubwa wa daftari. Dakika haikuisha akatoka kashika koo, machozi yanamtiririka, anakohoa hadi kutapika. Hiyo ni gesi ya klorini, wakuu. Tukamkalisha nje apate hewa, akapata nafuu. Usiku kifua kikambana upya, tukamkimbiza hospitali. Mtu akivuta hiyo kitu msimwache alale peke yake eti katulia.

#3, Kirumba
Mama yangu ana pumu ya siku nyingi. Tuliacha vya kupuliza. Dawa tunaimwaga kwenye kitambaa ndipo tunafuta. Kikohozi kimepungua sana.

#4, Ilemela
Tusiishie kwenye ajali tu. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norwei, walitoa matokeo ya kufuatilia watu zaidi ya 6,000 kwa miaka 20 hivi. Wanawake waliofanya usafi, wa kazini na hata wa nyumbani, mapafu yao yalipungua nguvu haraka kuliko ya wasiofanya. Inakula taratibu. Naumia nikiona dada wa kazi anadeki na jiki huku madirisha yamefungwa, eti vumbi litaingia. Sakafu ya kawaida inatakata kwa sabuni na maji!

#1, mleta mada
Asanteni sana. Mdogo wangu anasema wamegawiwa barakoa za kitambaa, na hizo hazizuii gesi. Jumatatu naenda naye kwa bosi wake, tumuombe ahamishiwe mapokezi, na walau bafuni madirisha yawe wazi muda wote wa usafi. Na mlioko viwanda vya minofu ya sangara, mnaoosha sakafu na meza kwa maji ya klorini, ninyi mnapewa nini cha kujikinga?