Naombeni ushauri: nataka kumpigia mama picha za majira ya kuchipua hapa Fukuoka kwa simu, lakini zinatoka zimefifia

BintiTongoni (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu, na shikamooni mlionizidi umri.

Niko Fukuoka, kisiwa cha Kyushu, kusini mwa Japani. Nasoma shahada ya uzamili, nilifika Septemba, kwa hiyo haya ndiyo majira yangu ya kwanza ya kuchipua. Mama yangu yuko Tanga. Magoti hayamruhusu tena safari ndefu, na kila Jumapili tukiongea ananiambia jambo lile lile: "Hebu nionyeshe huko unakoishi kukoje." Picha za minara hazitaki. Anataka kuona njia ninayopita, watu ninaopishana nao, wanachokula, wanachoanika.

Leo tarehe 27 Machi sakura (maua ya miti ya cheri) za mtaani kwangu zimefunguka zaidi ya nusu. Nimepiga picha zaidi ya 200 kwa siku 3, na za kumtumia mama hazifiki 5. Kwa macho maua ni meupe yenye waridi kwa mbali, kwenye simu yanakuwa kama majivu, na mbingu nyuma yake inatoka nyeupe tupu. Nikitumia ile modi ya potreti inayofifisha nyuma, kingo za maua zinakatwa kama kwa mkasi butu. Halafu picha zangu zote ni mti. Ukizipanga pamoja huwezi kujua kama ni Fukuoka ninakoishi au ni kalenda ya ukutani.

Kuna jingine limeniuma. Jana nilikuwa bustani ya Ohori, wakapita watoto wa chekechea na kofia zao za rangi, wadogo kabisa wamesimama ndani ya kigari kinachosukumwa na mwalimu. Nikainua simu. Mwalimu akavusha mikono yake mbele ya kifua ikafanya alama ya X, akainamisha kichwa, wakapita. Hakunigombeza, lakini nilijisikia vibaya hadi usiku. Tangu hapo naogopa kumwelekezea mtu simu, na simu yenyewe, nimeinunua hapa hapa, inalia kila nikibonyeza na mlio hauzimiki.

Simu ni ya bei ya kawaida, ina lenzi mbili nyuma. Kamera siwezi kununua. Naombeni mnisaidie, haya maua hayangoji mtu.

---

FundiPicha_Ilala

Pole dada. Mimi napiga picha za harusi Dar es Salaam, Japani sijafika, ila hilo la majivu nalijua vizuri kwa sababu ni ugonjwa wa shela la bibi harusi.

Kamera ikipima mwanga huchukulia kwamba kinachoonekana mbele yake, kwa wastani, ni kijivu cha kati. Ukiiwekea kitu cheupe kikajaza picha, inaona mwanga umezidi na inapunguza. Shela linakuwa kijivu. Sakura zako ni shela, na hiyo mbingu nyeupe nyuma yake inazidisha, maana simu inaihofia mbingu na kuyatosa maua gizani.

Fanya hivi: gusa skrini juu ya maua yenyewe, shikilia kidole mpaka ikuonyeshe imefunga. Katatokea kaalama ka jua pembeni. Kapandishe juu kidogo kidogo mpaka maua yawe meupe, simama kabla hayajapoteza michirizi yake. Usikapandishe mpaka mwisho.

Lakini dawa yenyewe hasa ni kuikimbia hiyo mbingu. Acha kupiga ukiangalia juu. Sogea hatua 3 au 4 mpaka nyuma ya tawi kuwe na kitu cheusi au cha rangi iliyokolea: ukuta wenye kivuli, paa la vigae, mti wenye majani mazito, hata basi lililosimama. Tawi lile lile litawaka. Na jua likiwa chini, lizungukie liwe nyuma ya maua. Petali ni nyembamba, mwanga unapenya ndani yake kama taa kwenye karatasi. Kwa saa za huko nadhani asubuhi mapema na jioni ndiyo wakati wako.

Modi ya potreti achana nayo kwa maua. Simu inakisia kipi kiko mbele na kipi kiko nyuma, na kwenye vitu vidogo vingi vyenye mianya inakosea. Ukitaka nyuma kufifie, sogea karibu na ua moja, nyuma kuwe mbali. Lenzi itafifisha yenyewe. Usivute kwa vidole viwili, tembea. Na kabla ya yote futa lenzi kwa kitambaa safi cha pamba. Nusu ya picha zenye ukungu ninazoletewa ni mafuta ya vidole.

---

KakaSaga

Binti, karibu Kyushu. Niko Saga, jirani yako, mwaka wa tatu sasa.

Hiyo mbingu nyeupe si kosa la simu peke yake. Majira haya upepo unaleta vumbi la njano kutoka majangwa ya China na Mongolia, wenyewe kwa Kijapani wanaliita kōsa, na Kyushu tunalipata mapema. Kuna siku mbingu inakuwa kama maziwa kuanzia asubuhi. Siku hizo pita chini chini, piga vitu vya karibu. Jua likipasuka siku inayofuata mvua, toka haraka.

Kuhusu muda: Fukuoka kwa kawaida sakura hutangazwa kuchanua karibu tarehe 22 Machi na kujaa karibu tarehe 31. Karibu miti yote unayoiona mjini ni aina moja, somei-yoshino, na imezalishwa kwa kupandikiza vikonyo kutoka asili moja. Ndiyo maana mtaa mzima unachanua pamoja na kupukutika pamoja. Toka kujaa mpaka kupukutika ni kama wiki moja, ikija mvua na upepo ni chini ya hapo. Jua sasa linachomoza saa 12 na dakika chache asubuhi na kuzama kama saa 12 na nusu jioni. Pale Maizuru, penye magofu ya ngome jirani na Ohori, nenda saa moja kasoro asubuhi, utawakuta wazee na mbwa wao tu.

Usiache kupiga maua yakianza kudondoka. Hapo ndipo mimi huanza. Petali zikipeperuka kama theluji wanaiita hanafubuki, zikikusanyika juu ya maji wanaiita hanaikada, yaani chelezo cha maua. Angalia kwenye handaki la maji la ngome. Angalia pia kwenye mtaro wa barabarani, kwenye kioo cha gari lililolala nje, kwenye kikapu cha baiskeli. Kwa petali zinazopeperuka shikilia kitufe simu ipige nyingi mfululizo, nyuma pawe na kivuli, la sivyo hazionekani.

---

Jogoo_la_Mjini

Mi nashauri upakue programu ya filta, ongeza pinki mpaka ikolee. Wote wanafanya hivyo, ndio maana za kwao zinavutia.

---

FundiPicha_Ilala

Jogoo, kwa tangazo la duka sawa. Kwa mama, hapana. Dada ameshasema maua ni meupe yenye waridi kwa mbali. Mama akija kuona sakura ya kweli siku moja, hata kwenye video, atajua mwanawe alimpaka rangi. Aongeze mwanga kidogo, arekebishe weupe kama picha imeegemea bluu, basi.

---

MamaHana_Osaka

Binti, marahaba. Nimeolewa huku, mwaka wa 14 sasa, watoto wangu wawili wamepita chekechea za huku. Nimesoma habari ya yule mwalimu nikaona nikuandikie kwa urefu.

Ile X ya mikono ni ishara ya kawaida kabisa ya "hapana, samahani". Hata dukani utaonyeshwa. Hakukuchukia. Huku mtu ana haki juu ya sura yake, na watu wanaichukulia kwa uzito, wengi hata picha za mitandaoni huziba nyuso za wapita njia. Kwa watoto ni mara mbili yake, na mwalimu hana ruhusa ya kukubali kwa niaba ya wazazi. Kwa hiyo watoto wasiokuhusu waache, hata kwa mgongo. Watu wazima, omba. Sema: "Shashin o totte mo ii desu ka?" Inamisha kichwa, onyesha simu. Bibi anayefagia petali mbele ya duka lake atakubali mara nyingi kuliko unavyodhani, na atakuuliza unatoka wapi. Mwambie Tanzania, mwonyeshe picha aliyotoka. Huo mlio wa simu si sheria ya serikali, ni utaratibu wa kampuni za simu kuzuia watu kupigwa picha kwa siri. Uuchukulie kama hodi. Mtu akisikia akageuka, unatabasamu na kuinama.

Sasa mama yako amekwambia mwenyewe anachotaka: wanachoanika, wanachokula, njia. Mbona umekwenda kumpigia mti? Mpigie viatu. Ndiyo, viatu! Watu wakienda kula chini ya sakura hutandika turubai la bluu na kuvua viatu pembeni kama mkekani kwetu. Jozi 20 zimepangwa, petali zimeangukia ndani ya viatu. Mama wa Tanga haelezwi hiyo picha, anaielewa.

Siku ya jua angalia juu kwenye roshani za magorofa: magodoro ya kulalia, futoni, yananing'inia yote kwa pamoja. Piga kutoka mbali, jengo zima, si chumba cha mtu. Mwisho wa Machi watu wanahama nyumba, magari ya kuhamisha vyombo yamejaa vichochoroni. Tarehe 1 Aprili makampuni yanapokea waajiriwa wapya. Utawaona stesheni na suti nyeusi ambazo bado zina mikunjo ya dukani. Viatu vyao vipya na petali chini vinatosha, uso wa nini. Ukiwa kwenye jukwaa la treni usivuke ule mstari wa njano wenye vinundu kwa ajili ya picha. Ni wa usalama, na ni njia ya wasioona.

Mvua ikinyesha ndiyo usibaki ndani. Miavuli ya plastiki inayoonyesha ndani, petali zimeganda juu yake. Simama chini ya mwavuli wako mwenyewe, fokasi iweke kwenye petali, barabara nyuma ififie.

Nunua sakuramochi, weka dirishani mwanga ukiingia kwa ubavu. Ule ni mchele wa kunata wenye maharage matamu ndani, umefungwa kwa jani la mti wa sakura lililotiwa chumvi. Mama atauliza jani linaliwa au halilwi. Linaliwa.

Na mbayuwayu wanarudi Aprili hivi, wanajenga chini ya mapaa ya maduka. Wenye duka hawawafukuzi, hufunga kibao au boksi chini ya kiota kisichafue wateja. Hiyo usiikose.

---

BintiTongoni

Nimesoma yote mara mbili na machozi yamenilenga. Asanteni sana. Mama Hana, nisamehe sikuijua hiyo ya watoto.

Nauliza mawili. Nikimtumia mama kwa WhatsApp picha zinafika zimepauka zaidi, nifanyeje? Na baada ya sakura kwisha, kuna nini? Naogopa Aprili yote itakuwa tupu.

---

FundiPicha_Ilala

WhatsApp inabana picha. Kabla ya kutuma bonyeza alama ya HD, au itume kama hati badala ya picha, itafika kama ilivyo. Ila mwulize mama kama bando lake linamudu. Usimtumie 30 kwa siku. 3 zenye maelezo yako kwa sauti zinatosha.

---

KakaSaga

Tupu? Ndiyo kwanza. Panda kivuko Meinohama uende kisiwa cha Nokonoshima, ni kama dakika 10, maua ya njano ya nanohana yanaelekea baharini. Mama wa Tanga aone bahari ya mwanawe. Mwisho wa Aprili maua ya azalea yanawaka kando ya barabara za kawaida kabisa, na bendera za kitambaa zenye umbo la samaki, koinobori, zinapandishwa kabla ya siku ya watoto, tarehe 5 Mei. Halafu mwezi Mei njoo huku Saga. Nyie mnajua Japani ni mpunga tu, kumbe kabla ya mpunga mashamba yetu yamejaa shayiri na ngano, na mwezi huo yanageuka dhahabu mpaka upeo wa macho. Piga jioni, simu ishike chini usawa wa masuke.

---

BintiTongoni

Narudi kuwapa mrejesho, leo tarehe 5 Aprili.

Usiku wa juzi ilinyesha, asubuhi nikaenda Maizuru saa 12 na nusu. Nilipiga picha 16 tu. Maji ya handaki yalikuwa meupe kwa petali na bata mmoja amepasua njia katikati. Viatu nilivipata jana yake mchana, wenyewe niliwaomba kama Mama Hana alivyonifundisha. Walicheka, wakaniambia nipige, wakanipa na onigiri, vile vitonge vya wali.

Karibu na stesheni kuna bibi mwenye duka la mboga. Nilimkuta anafagia petali. Nikaomba, akavua aproni kwanza, akaikunja, akasimama wima na ufagio mkononi. Maua nikayaweka mbele ya mlango wenye kivuli, nikagusa skrini, nikapandisha jua kidogo. Meupe, wakuu. Meupe kabisa.

Nilimtumia mama 3. Ya bata hakuisemea kitu. Ya viatu alisema, "Kumbe wana adabu." Ya bibi alikaa nayo siku nzima, usiku akanitumia sauti: ufagio ule umefungwa kwa nini, mbona hauna mpini kama wetu, na bibi yule anaitwa nani.

Sikuwa nimemwuliza jina. Kesho napitia dukani kwake, nitamchapishia na picha yake nimpelekee.