Tupeane uzoefu: Uliwahi kuona kimondo ukiwa Dar?

Wakuu, juzi usiku nikiwa Kigamboni niliona kimondo cha kijani kikikata anga kuelekea baharini, kikazimika kabla sijamwonyesha mke wangu. Kimya kabisa. Nyie mlionaje vyenu? Mlisikia chochote?

Mvuvi Kimbiji: Tunaokesha baharini tunaviona sana, hasa Desemba tarehe 13 kuamkia 14. Huku taa za mjini hazisumbui. Babu alitufundisha ni mawe wanayopigwa mashetani, na mpaka leo nikikiona natulia kwanza, naomba dua.

Mwalimu wa Fizikia, Mbagala: Vingi ni chembe ndogo kama punje ya mchanga. Zinaingia kwenye hewa ya dunia kwa kasi ya kilomita 11 hadi 72 kwa sekunde, hewa iliyo mbele yake inabanwa ghafla na kupata joto kali, chembe inageuka mvuke. Hayo hutokea kilomita kama 100 juu, ndiyo maana mtoa mada hakusikia kitu. Kikienda taratibu huku kikimeguka kwa dakika nzima, mara nyingi ni mabaki ya roketi au setilaiti.

Wanafunzi wangu nawasisitizia hili: anga ikiwaka ghafla, kaa mbali na dirisha. Chelyabinsk, Urusi, tarehe 15 Februari 2013, jiwe la mita kama 20 lilipasuka kilomita 30 hivi juu. Watu wakasogelea madirisha kutazama, mshindo ukawakuta hapo hapo. Majeruhi walikuwa kama 1,500, wengi wamekatwa na vioo.

Mwana wa Songwe: Mimi sijaona kinachopita, ila cha Mbozi nimekishika kwa mikono yangu. Chuma kitupu, tani kama 16. Wageni wote huuliza shimo kilipoangukia liko wapi. Halipo.

Mtoa mada: Mwalimu, na hili jiwe la angani Apophis wanalotutishia kwamba litatugonga?

Mwalimu wa Fizikia, Mbagala: Halitugongi, hesabu zake zimeshafungwa. Ijumaa tarehe 13 Aprili 2029 litapita kilomita kama 32,000 kutoka tulipo, chini ya setilaiti za televisheni zilizo kilomita 36,000. Afrika tutaliona kwa macho matupu, kama nyota inayosogea. Jiwe la mita zaidi ya 300 kupita karibu hivyo ni bahati kubwa kwa kizazi chetu! Ninachohofia ni mawingu, maana Aprili Dar ni masika. Mwenye ndugu Dodoma aanze kumzoea mapema.

Mvuvi Kimbiji: Shemeji yangu yuko Kondoa. Nampigia leo.