Mjadala: Tumchangie mtu apande Kilimanjaro ili shule ipate vyoo?

Mtoto wa Kiboriloni (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Kuna jambo linanikereketa tangu Jumatatu, nimeona niliweke hapa tulijadili bila matusi.

Kazini kwetu watu tisa wamejipanga kupanda Kilimanjaro mwezi ujao, njia ya Machame, siku saba. Wanataka kuijengea vyoo shule moja ya msingi ambako watoto hupanga foleni mapumziko yote mpaka kengele inawakuta bado wamesimama. Jambo jema, sina ugomvi nalo. Kadi ya mchango ikaletwa mezani kwangu, staili ile ile ya kadi ya harusi, nimeshapangiwa 50,000. Nami kwa kuwa nimezaliwa chini ya huo mlima na mdomo wangu haujui kutulia, nikaomba bajeti.

Nikapewa. Lengo ni milioni 25. Kupanda, yaani viingilio vya hifadhi, kampuni ya kuwapandisha, chakula, wapagazi, fulana na bango: milioni 14.4. Vyoo: milioni 10.6.

Fanya hesabu. Katika kila elfu moja ninayotoa, 424 ndizo zinazofika kwenye shimo la choo. Hizo 576 nyingine zinapanda mlima, zinapiga picha, zinashuka.

Msimamo wangu: anayetaka kupanda mlima apande kwa mshahara wake, na anayetaka kujenga choo ajenge choo. Ukivichanganya, mimi ndiye ninayemlipia mhasibu wetu likizo, halafu bado ananidai pongezi. Nawasilisha.

Kaptura

Mangi akiombwa hamsini lazima apate hoja 😂

Karani wa Harambee

Mimi niko Nyeri, huku harambee tumenyonyeshwa nayo. Nikuulize, ndugu yangu. Ukienda harambee, hema limelipwa na nani? Viti, spika, chai ya mgeni wa heshima? Vyote hutoka kwa hiyo hiyo pesa, na hakuna mtu husimama kuuliza shilingi ngapi imeingia kwa sufuria.

Watu hawatoi pesa kwa sababu kuna shida. Shida ziko kila siku, na hiyo shule yako haijaanza kukosa vyoo Jumatatu. Wanatoa kwa sababu mtu wanayemjua ametoka kwa kiti chake akajitesa kidogo. Mimi nilipanda Mlima Kenya hadi Point Lenana, mita 4,985, kuchangia bili ya hospitali ya mtoto wa jirani. Kabla ya kupanda nilikuwa nimezunguka mtaa mzima na ile karatasi ya bili, watu wakinipa pole na mia mia. Nilipotuma picha nikiwa na barafu kwa kope, pesa iliingia hadi simu ikazima chaji. Watu ni wale wale na bili ni ile ile.

Lakini nikubaliane nawe kwa moja: ada ya hifadhi na mtu wa kuniongoza nililipa mwenyewe. Kwa hilo nakuelewa.

Mtoto wa Kiboriloni

Karani, basi tuko upande mmoja, wewe umevaa jaketi tu. Ulijilipia. Hawa tisa hawajajilipia.

Dada wa Leicester

Hamjambo. Nipo Uingereza mwaka wa kumi na nane sasa, na huku jambo hili ni kama ubwabwa msibani, halikosekani. Kila mwaka lazima mtu ofisini aje na ukurasa wake wa michango: napanda Kilimanjaro kwa ajili ya saratani, kwa ajili ya mbwa, kwa ajili ya kisima. Wakijua mimi ni Mtanzania wananiuliza kama nimepanda. Sijapanda. Nimetoka Tanga, mlima niliuona kwenye noti.

Niwape jambo moja ambalo wengi hawalijui. Serikali huku ina mpango unaitwa Gift Aid: mlipa kodi akitoa pauni 1 kwa shirika la hisani, shirika linadai senti 25 za nyongeza kutoka kwenye kodi yake. Sasa, mtu akipanda mlima na safari yake inalipwa kutoka kwenye michango, sheria inawaangalia mama yake, mume wake na ndugu zake kwa jicho lingine. Michango yao inaweza kukosa ile nyongeza, kwa sababu wametoa pesa na mtu wa familia yao amepata safari. Akijilipia safari mwenyewe, tatizo hilo linaondoka. Kwa hiyo hoja ya Mtoto wa Kiboriloni si ubahili wa Kichaga. Watu wa kodi wa Mfalme nao wanaiona hivyo hivyo.

Pamoja na hayo siwezi kusema yote ni ulaghai. Machi 2009 watu maarufu tisa wa huku, akina Gary Barlow na Cheryl Cole, walipanda Kilimanjaro kwa ajili ya Comic Relief, shirika la hisani la huku. Nchi nzima iliwafuata kwenye televisheni wakitapika na kulia. Zilipatikana zaidi ya pauni milioni 3, kwa ajili ya vita dhidi ya malaria. Wangeweza kukaa London wakaomba. Mnadhani zingefika hapo?

Mtoto wa Kiboriloni

Dada, mhasibu wetu si Gary Barlow. Wale wanatazamwa na nchi nzima, gharama ya safari inamezwa na wingi wa watoaji. Huyu wetu anatazamwa na kikundi cha WhatsApp cha watu 61, nusu wamekinyamazisha.

Mgumu Mstaafu

Nimesoma nikacheka, kisha nikaacha kucheka. Naandika mimi niliyebeba.

Nimefanya mlima miaka kumi na moja, saba nikiwa mgumu, minne nikiwa mpishi. Kwa wasiojua, mgumu ndiyo sisi tunavyoitana, nyie mnasema mpagazi. Vikundi vya hisani nimepanda navyo vingi mno. Unawajua toka langoni: fulana zinafanana, zimeandikwa jina la ugonjwa.

Nawapa moja tu. Kikundi kimoja kilikuja na bango la turubai, limekunjwa kwenye bomba la plastiki lenye urefu wa kunipita kichwa. Langoni tunapimiwa mizigo kwenye mizani, mzigo wa kampuni usizidi kilo 20. Bomba halikupimwa, maana halikuwa kwenye mfuko wa mtu, likaonekana "si mzigo". Nikalibeba mimi juu ya mzigo wangu. Pale ukuta wa Barranco unashika jiwe kwa mikono miwili, sasa na bomba nimelishikaje? Nililifunga mgongoni kwa kamba ya viatu, likawa linagonga mwamba kila ninapogeuka, nikigeuka kulia linanisukuma kushoto. Yule mama mwenye kikundi alikuwa nyuma yangu analia kwa kuogopa urefu. Nikampa mkono. Alinishukuru sana, akaniambia tunafanya haya yote kwa ajili ya watoto wa Afrika. Mimi nilikuwa na watoto wawili, na viatu nilivyovaa nilikodi Moshi mjini.

Bango lile lilifunguliwa kileleni dakika mbili. Upepo ukalipasua.

Sasa msinielewe vibaya. Mwanzisha mada anasema 576 zinapanda mlima kama vile zimetupwa korongoni. Watu tisa wanataka wagumu, wapishi na waongozaji thelathini na kitu. Hizo milioni 14 ndizo ada ya shule yangu, ndiyo bati la mama. Kima cha kulipwa mgumu wakati wangu kilikuwa 20,000 kwa siku kwenye karatasi. Mkononi ilitegemea kampuni, na wengine tulipewa nusu tukaambiwa tusubiri bakshishi. Kwa hiyo mkitaka kuuliza bajeti, msiishie kwenye vyoo. Ulizeni hiyo kampuni inalipa wagumu kiasi gani, wanalala kwenye hema gani, wanakula mara ngapi kwa siku. Nimeona kikundi kinachochangia watoto wenye njaa, na sisi tunaowabebea tunakula ugali mara moja.

Kaptura

Shikamoo mzee. Nimefuta mzaha wangu wa pili.

Mgumu Mstaafu

Marahaba. Mzaha weka tu, mlimani bila mzaha hufiki.

Nesi wa Zamu

Mmeacha jambo ambalo mimi ndilo linalonitisha. Pesa ya watu ina uzito kichwani kwa mpandaji.

Mtu aliyejilipia akiumwa kichwa pale juu, akatapika, akaanza kupepesuka, atasema mlima umenikataa, nishusheni. Aliyebeba michango ya ukoo mzima anaona aibu. Anaficha dalili. Anajibu "niko sawa" huku kile kidude cha kubana kidoleni kinasoma oksijeni ya kutia huruma. Hewa ya juu haina adabu kwa mwenye nia njema. Mapafu yakijaa maji au ubongo ukivimba, dawa ya kwanza ni kushuka, na kushuka sasa hivi, hata kama ni usiku. Mtu ataletwa chini na ile machela ya gurudumu moja, wagumu wanakimbia naye gizani, na wao pia wana shingo za kuvunjika.

Msidhani ni ya wazembe. Martina Navratilova, bingwa wa tenisi, mwanamke wa mazoezi maisha yake yote, Desemba 2010 alipanda kuchangia Laureus, taasisi ya kusaidia vijana kupitia michezo. Alikuwa na miaka 54. Hakufika. Mapafu yalijaa maji, akashushwa, akalazwa hospitali Nairobi. Akapona kwa sababu alikubali kushuka.

Nauliza wanaochangisha: kwenye hiyo kadi yenu mmeandika kwamba mtu akirudia njiani mchango haurudishwi wala hachekwi? Kama hamjaandika, mmemwekea mtu bunduki mgongoni.

Karani wa Harambee

Hapo nesi umenigusa. Mimi nilikuwa na maumivu ya kichwa kutoka Shipton's Camp, kambi ya huko Mlima Kenya, na sikumwambia mtu.

Mwalimu wa Historia

Kwa heshima zote, mnaujadili mlima kana kwamba ni uwanja wa mazoezi tu. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, siku ya uhuru wa Tanganyika, Luteni Alexander Nyirenda alipelekwa kusimika bendera na kuwasha mwenge kileleni. Nani aliuliza kwa nini mwenge usiwashwe Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, ambako hakuna baridi na kila mtu angeuona? Gharama ingekuwa ndogo zaidi. Lakini mwenge wa Mnazi Mmoja leo nani angekuwa anausimulia? Taifa hili limezoea kupeleka jambo lake kubwa pale juu ili lionekane.

Hapa nyumbani mnao mfano pia. Tangu 2002 mgodi wa dhahabu wa Geita na TACAIDS, tume ya serikali ya kudhibiti UKIMWI, wanaendesha Kili Challenge, watu wanapanda mlima na wengine wanauzunguka kwa baiskeli, kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI. Enzi hizo kusema UKIMWI hadharani kulikuwa kunamtoa mtu jasho kuliko Machame. Ule upandaji uliwafanya wakubwa wasimame langoni mbele ya kamera na walitaje neno lenyewe. Hilo mnaliandika kwenye safu gani ya bajeti?

Mtoto wa Kiboriloni

Mwalimu, umenibana, nakiri. Kwa UKIMWI wa 2002 nakuachia. Kuvunja ukimya ilikuwa nusu ya kazi. Lakini choo hakina unyanyapaa. Kila mtu anajua watoto wanahitaji choo, hakuna ukimya wa kuvunja pale, kuna saruji tu.

Na mzee wangu Mgumu, shikamoo. Umenisahihisha mahali ninapostahili. Mimi ni mtoto wa Kiboriloni, nimekua nikiona makoti ya mlimani yanauzwa kwenye mitumba, na bado nimeandika "zinapanda mlima" kama mtu wa Masaki. Nimerekebisha. Lakini basi tuiite kwa jina lake: kadi iandikwe "changia mishahara ya wagumu milioni kadhaa, hifadhi milioni kadhaa, vyoo milioni 10.6". Nitatoa nikijua ninachotoa.

Dada wa Leicester

Ukiandika hivyo hutapata hata milioni mbili, kaka, na unajua.

Mtoto wa Kiboriloni

Ninajua.

Nirudishe mrejesho, maana mada niliianzisha mimi. Jana nilimfuata mhasibu na maswali ya humu ndani: nani amejilipia, kampuni inalipa wagumu shilingi ngapi, na anayerudia njiani itakuwaje. La kwanza alinijibu: wanne kati ya tisa wamekubali kujilipia, watano bado. La pili hakujua, akapiga simu mbele yangu, upande wa pili wakasema "tunalipa vizuri". La tatu alinyamaza kidogo, halafu akaniambia ana pumu na hajamwambia mtu. Nimempa namba ya daktari ninayemfahamu. Nesi, asante.

Kuhusu 50,000 yangu, sikuiweka kwenye kadi. Nilitafuta namba ya mwalimu mkuu wa ile shule, nikajitambulisha, nikamtumia moja kwa moja. Nikajisikia vizuri sana, nusu saa hivi. Jioni ujumbe wake ukaingia, nauweka hapa kama ulivyo, nimeondoa majina tu:

"Asante sana ndugu kwa moyo wako. Tumepata saruji mifuko mitatu, ipo stoo. Sasa naomba unisaidie jambo moja, wale wenzako wa mlimani waje kweli. Maana wewe umetuma saruji na wao wameahidi matundu sita."

Sijamjibu bado.